Jopo Huandika Linachosikia: Hotuba kwa Wahitimu Wanaojiandaa na Usaili

(Hotuba hii inawekwa hapa yote kwa ajili ya wahitimu ambao hawakuweza kufika ukumbini. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Ndugu mgeni rasmi, wakufunzi, wazazi, na ninyi wahitimu ambao siku hii ni yenu: itifaki imezingatiwa. Hamjambo?

Mbona sauti ndogo hivyo? Na hapa hakuna anayetoa alama! Hamjambo?

Haya, sasa tunaelewana. Nianze na swali. Ukishamaliza usaili, ukashukuru, ukatoka na mlango ukafungwa, jopo linabaki na nini? Suti yako umeondoka nayo. Tabasamu umeondoka nalo. Jopo linabaki na karatasi. Kila mjumbe ana karatasi yake ya alama, yenye maswali yale yale wanayoulizwa wasailiwa wote wa kada yako, na kila swali lina hoja zinazotegemewa kutoka kwako. Anasikiliza, anatia tiki, anaandika namba. Baadaye namba hizo zinajumlishwa na wastani unapatikana.

Kwa hiyo kila jibu unaloliandaa, ulipime kwa swali moja: mjumbe ameandika nini? Ukisema "mimi ni mchapakazi, mwaminifu na ninajituma", ameandika nini? Hajaandika kitu, kwa sababu wenzako thelathini waliokutangulia wamesema hivyo hivyo.

Lakini kabla ya kufika kwa huyo mwenye karatasi, kuna meza ya uhakiki. Hapo wapo wanaorudi nyumbani bila kuulizwa hata swali moja.

Yuko binti aliyeitwa kwenye usaili wa utunzaji kumbukumbu. Kumbukumbu, nawaambia! Alisafiri usiku kucha kwenda Dodoma na bahasha yake kifuani. Mezani ikaonekana kwamba cheti chake cha kuzaliwa kina majina matatu, la mwisho la babu, ilhali cha kidato cha nne kina mawili tu. Hati ya kueleza tofauti hiyo hana. Tena badala ya cheti halisi cha chuo amebeba taarifa ya matokeo ya muda. Akarudi na basi la jioni. Nauli yake, malazi yake, chakula chake, kwa maana matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachoendesha usaili wa kazi za Serikali, husema wazi kwamba msailiwa anajigharamia mwenyewe.

Tangazo la kuitwa kwenye usaili lisomeni mstari kwa mstari, maana kila kitu kimo. Vyeti halisi: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kama ulipita huko, cha stashahada au shahada. Taarifa za matokeo za muda na zile karatasi ndogo za matokeo ya sekondari hazikubaliwi. Kitambulisho: cha Taifa, cha mpiga kura, leseni ya udereva au hati ya kusafiria. Uliyesoma nje ya nchi, vyeti vyako viwe vimetambuliwa na TCU (vyuo vikuu), NACTVET (vyuo vya ufundi) au NECTA (mitihani ya sekondari), kulingana na ngazi. Kada yenye bodi ya kitaaluma, beba cheti cha usajili na leseni. Majina yakitofautiana, nenda kwa wakili uandaliwe hati, na pale inapotakiwa dipoli, yaani hati ya kubadili jina, isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Usingoje kuitwa ndipo uanze kuhangaika. Tangazo linaweza kutoka zimebaki siku chache tu. Na namba yako ya mtihani inakili mapema kutoka kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, ile tovuti ulikoombea kazi, kwa sababu pale mlangoni hutapewa.

Mavazi? Safi, ya heshima, viatu ulivyowahi kuvivaa. Tuendelee.

Sasa tumeingia chumbani. Swali la kwanza mnalijua: "Tueleze kwa ufupi kuhusu wewe." Mnaliona jepesi, na ndilo linalowaangusha wengi. Msailiwa anaanza: "Naitwa fulani, nimezaliwa mwaka fulani, ni mtoto wa nne katika familia ya watoto saba, nilisoma shule ya msingi..." Dakika mbili zimekwisha na bado yuko darasa la saba! Mjumbe ameandika nini?

Jibu hili liwe na vipande vitatu, lisizidi dakika moja na nusu. Kwanza, wewe ni nani kitaaluma kwa sasa. Pili, kazi mbili ulizowahi kufanya zinazofanana na majukumu yaliyotangazwa. Tatu, kwa nini nafasi hii inafuata hapo. Mhasibu kijana anaweza kusema hivi: "Nina shahada ya uhasibu. Nilifanya mafunzo kwa vitendo kwenye halmashauri, kitengo cha fedha, wiki nane. Kila wiki nililinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, na nilifuatilia malipo ya kontroli namba yaliyokuwa hayajaonekana kwenye mfumo. Nafasi hii ina jukumu la usimamizi wa mapato, na ndiyo kazi niliyokwisha kuianza." Hapo mjumbe ameandika: halmashauri, benki, mapato. Tiki, tiki, tiki.

Mtayapata wapi mambo ya kusema? Kwenye tangazo la kazi. Lihifadhini au lichapeni siku mnayoomba, kwa sababu muda wa maombi ukipita huwa linaondolewa kwenye orodha ya nafasi zilizo wazi, na wengi wanaitwa usaili wakiwa hawakumbuki hata majukumu waliyoomba. Chora safu mbili kwenye daftari. Kushoto andika kila jukumu lililotajwa. Kulia andika tukio moja la kweli ulilolifanya, la fildi, la chuoni, la dukani, la kanisani au msikitini. Matukio sita yaliyoiva yanatosha, kwa sababu tukio moja hujibu maswali matatu tofauti ukiligeuza.

Tukio lina namna yake ya kusimuliwa. Hali ilikuwaje, sekunde ishirini. Jukumu lako lilikuwa lipi, sekunde kumi. Ulifanya nini, hatua kwa hatua, dakika nzima. Mwisho ikawaje, sekunde ishirini, na kama kuna namba, itaje. Wengi wetu tunapenda kuanzia mbali: tunatumia dakika nzima kueleza hali ya ofisi, nani alikuwa na ugomvi na nani, halafu hatua zenyewe tunazifunga kwa "basi tukatatua." Tukatatua vipi? Alama zilikuwa humo humo ulimoruka.

Na hilo "tukatatua" nalo lina kasoro yake. Tumelelewa kutojisifu. Tumeambiwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni malezi mazuri na siwaambii myaache. Lakini mle chumbani chema hakijiuzi, usipokitaja hakipo. Msailiwa wa TEHAMA aliulizwa aeleze mfumo aliowahi kuutengeneza. Akasema: "Tulitengeneza mfumo wa maktaba ya chuo, tukaufanyia majaribio, tukaukabidhi." Mwenyekiti akauliza tena kwa upole, yeye akarudia: "Kwa kweli tulishirikiana wote." Alikuwa ndiye aliyeandika kanzidata yote peke yake! Heshima yake ikaifunika kazi yake, na jopo haliwezi kuwapa alama wenzake watatu waliobaki nyumbani. Semeni hivi: "Tulikuwa wanne. Sehemu yangu ilikuwa kanzidata: nilipanga majedwali, nikaandika taratibu za kuazima na kurudisha vitabu." Umewaheshimu wenzako na umeonyesha mchango wako. Kuna majivuno hapo?

Ndugu zangu, nafika kwenye maswali magumu, na hapa nitakaa kidogo.

"Umehitimu mwaka 2021. Tangu wakati huo umekuwa ukifanya nini?" Nani hapa haliogopi swali hili? Kijana mmoja alilijibu hivi: "Nilikuwa nyumbani nikitafuta ajira." Basi. Miaka mitatu katika maneno manne. Kumbe kijana huyo alikuwa wakala wa miamala ya simu. Kila asubuhi aligawa mtaji wake wa milioni moja na nusu kati ya fedha taslimu na floti, yaani salio la kwenye simu, ya mitandao mitatu, kila jioni alilinganisha salio na daftari, alishughulikia wateja waliotuma fedha kwa namba isiyo sahihi, na mwisho wa mwezi alijua ni siku zipi floti huisha mapema. Alikuwa ameomba kazi gani? Uhasibu msaidizi! Akaificha kwa kuona aibu ya kibanda. Mficha uchi hazai.

Jibu zuri halihitaji kupamba. "Nilipohitimu sikupata ajira mara moja, nikafungua huduma ya wakala. Nilikuwa nafunga hesabu kila siku. Katika mwaka wa pili nilianza kurekodi kwenye jedwali la kompyuta, na upungufu wa fedha uliokuwa ukitokea nikaujua unatoka wapi." Ukiwa ulikuwa unamuuguza mzazi, sema hivyo kwa sentensi moja, kisha sema ulichofanya kubaki karibu na taaluma yako. Usiombe huruma, usitoe machozi. Na kama kweli hukufanya lolote, bado leo una muda: mtihani wa bodi, kozi fupi, kujitolea mahali panapotoa barua. Jibu la swali hili linatengenezwa miezi kabla ya usaili.

"Udhaifu wako ni upi?" Tafadhali, msiseme "nafanya kazi kupita kiasi." Msiseme "napenda sana ukamilifu." Jopo limeyasikia hata halinyanyui kalamu. Na msiende upande wa pili: anayeomba uhasibu asiseme huwa anakosea kujumlisha. Taja udhaifu wa kweli usiogusa kiini cha kazi, useme unaudhibiti kwa njia gani, na dalili kwamba unapungua. "Nilikuwa naogopa kuzungumza mbele ya watu. Mwaka wa mwisho nikajitolea kuwasilisha kazi za kikundi, nimewasilisha tatu. Bado moyo hunidunda, lakini sasa nazungumza bila kusoma karatasi." Lina ukweli, lina hatua, na lina kitu cha kuandika.

Kisha kuna swali usilolijua kabisa. Hapa ndipo watu hujichimbia shimo. Msailiwa wa nafasi ya afisa ununuzi aliulizwa kuhusu sheria inayosimamia ununuzi wa umma na mfumo unaotumika. Akaeleza kwa ufasaha mkubwa Sheria ya mwaka 2011 na mfumo wa TANePS. Ufasaha wote! Tatizo ni kwamba Sheria mpya ilitungwa mwaka 2023 na mfumo ni NeST. Alikuwa amesoma daftari la chuo, na daftari la chuo halijui kwamba Bunge limekaa. Wiki moja kabla ya usaili ingia tovuti ya taasisi unayoiomba na ya mdhibiti wa sekta yake. Angalia sheria iliyoianzisha, marekebisho ya karibuni, mifumo inayotumia, na jina la wizara inayoisimamia, maana wizara nazo hubadilishwa majina.

Ukiwa hujui hata baada ya hayo yote, omba sekunde chache ufikiri. Hakuna jopo litakalokukatalia. Hukusikia vizuri, omba swali lirudiwe. Halafu toa ulicho nacho: "Kifungu chenyewe sikikumbuki. Ninachofahamu ni kwamba malipo hayafanyiki kabla ya mapokezi kuthibitishwa, na kifungu ningekithibitisha kwenye kanuni kabla ya kuchukua hatua." Nusu ya alama iliyo halali ni bora kuliko sifuri iliyopambwa. Na ukibuni, swali la pili litakufuata huko huko ulikobuni.

Swali la maadili, hasa kwenye utumishi wa umma, karibu halikosekani. "Mkuu wako anakuagiza uandae malipo ya mzabuni ambaye bidhaa zake hazijapokelewa. Utafanya nini?" Mmoja alijibu: "Nitatii, yeye ndiye bosi." Mwingine: "Naenda TAKUKURU sasa hivi!" yaani kwenye taasisi ya kupambana na rushwa. Wote wawili wamepoteza alama. Kwa nini? Wa kwanza amesahau sheria, wa pili amesahau kwamba ofisi ina ngazi, na kwamba huenda mkuu hana taarifa sahihi. Kanuni za maadili ya utumishi wa umma zina misingi minane: huduma bora, utii kwa Serikali, bidii ya kazi, huduma bila upendeleo, uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, na matumizi sahihi ya taarifa. Utii umo. Sheria nayo imo. Jibu lazima libebe vyote viwili, kwa mpangilio: kwanza nahakiki nyaraka nijue ni kipi hasa kinakosekana; pili namweleza mkuu kwa heshima, faragha, kwamba hati ya mapokezi haipo; tatu, akisisitiza, naomba maelekezo kwa maandishi na naweka maoni yangu kwenye jalada; nne, ikibaki hivyo, napeleka suala ngazi ya juu au kwa mkaguzi wa ndani. TAKUKURU ipo, na inakuja pale inapoonekana kuna rushwa. Hatua nne, tiki nne.

Wengine mtakwenda kampuni binafsi na mashirika, ambako kuna swali ambalo serikalini halipo sana kwa kuwa ngazi ya mshahara imekwisha kutangazwa: "Unategemea mshahara kiasi gani?" Kijana mmoja, mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu, alijibu haraka: "Laki saba." Akakubaliwa papo hapo, akafurahi. Mwisho wa mwezi akapokea 483,000. Akadhani ameibiwa. Hebu tupige hesabu pamoja. Laki saba, toa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni 70,000. Kinachobaki, 630,000, ndicho kinachotozwa kodi: kwa viwango vya TRA, mamlaka ya mapato, 20,000 jumlisha asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, jumla 42,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 105,000. Jumla ya makato, 217,000. Hakuna aliyemwibia. Yeye alitaja mshahara ghafi akiwa na picha ya fedha ya mkononi. Ili apate laki saba mkononi alipaswa kuanzia kwenye 1,100,000 hivi.

Kwa hiyo fanyeni hesabu hiyo nyumbani, kwa viwango vya mwaka husika, kabla hamjaulizwa. Ulizia walio kwenye kazi kama hiyo wanalipwaje. Kisha taja kiwango chenye chini na juu, useme ni ghafi, na chini yake iwe ni kiasi ambacho kweli utakipokea bila kinyongo, kwa sababu mwajiri atakisikia kile cha chini. Ukiweza, uliza kwanza: "Je, nafasi hii imetengewa kiwango gani?" Si utovu wa adabu.

Dada zangu, nawageukieni. "Umeolewa? Unatarajia kupata mtoto lini?" Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia, na inamlinda hata anayeomba kazi. Una haki ya kutojibu. Lakini mle ndani unataka kazi pia, sivyo? Jibu wasiwasi ulio nyuma ya swali na uache maisha yako nyumbani: "Kama swali ni kuhusu kupatikana kwangu kazini, nimesoma ratiba ya kazi hii ikiwemo safari za mikoani, na naimudu." Umesema yote bila kusema lolote. Wakiendelea kuchimba, basi na wewe umejifunza jambo kuhusu ofisi hiyo kabla hujasaini mkataba.

Kuhusu lugha: jibu kwa lugha uliyoulizwa. Ukiulizwa kwa Kiingereza na unakwama, mwombe mwenyekiti ruhusa ya kutumia Kiswahili. Akikataa, tumia sentensi fupi. Kuchanganya lugha mbili ndani ya sentensi moja kunamchosha anayeandika.

Mwishoni watakuuliza: "Una swali kwetu?" Usiseme "hapana, asanteni." Usiulize likizo wala posho. Uliza kuhusu kazi: "Kwa miezi mitatu ya kwanza, mtu wa nafasi hii anategemewa awe amekamilisha nini?" Moja linatosha, mawili ni mengi. Na kwa usaili wa Sekretarieti, mkumbuke kwamba unaweza kufaulu na nafasi zikawa zimejaa. Majina ya waliofaulu huhifadhiwa kwenye kanzidata na watu hupangiwa kazi kutoka humo. Basi namba ya simu uliyojaza kwenye akaunti yako isibadilike kila ukipata laini mpya.

Nimesema vya kutosha, sasa ni zamu yenu. Kaeni watatu watatu. Mmoja msailiwa, wa pili mwenyekiti, wa tatu ashike karatasi na kalamu na asiseme neno lolote. Swali ni lile la "umekuwa ukifanya nini tangu uhitimu". Wekeni simu zirekodi, dakika mbili kamili, kisha mwenye karatasi asome kwa sauti alichoandika. Ikiwa karatasi ni tupu, msailiwa arudie. Haya, geuzeni viti.